Rojo la matufaha la kopo: tunda au sukari?

Leo tunafungua kopo. Huenda umeliona kwenye rafu za supamaketi kubwa mjini, au limekuja ndani ya begi la shangazi aliyetoka Marekani kusalimia. Nje pamechorwa matufaha mekundu yanayong'aa. Ndani kuna rojo la rangi ya njano hafifu, laini kama uji wa mtoto, tamu. Tufaha ndilo tunda lile ambalo mtaani wengi wetu tunaliita epo.

Watu wengi wakiona picha ya tunda kwenye kopo huamini moja kwa moja kwamba kilichomo ni afya tupu. Wengine wakisikia neno "kopo" husema ni sumu tupu. Wote wawili wamewahi kusema. Hebu tuliangalie kopo lenyewe polepole, maana ukilielewa hili utaelewa pia jemu, juisi ya boksi, nanasi la kopo na vitu vingine kibao vyenye picha ya tunda nje.

LINATENGENEZWAJE?

Hakuna miujiza. Kiwandani matufaha huoshwa, huondolewa maganda na mbegu, hupikwa mpaka yalainike, kisha huchujwa yawe rojo. Baada ya hapo huongezwa sukari au shira ya mahindi, yaani maji mazito matamu yanayotokana na wanga wa mahindi, ambayo hutumika sana Marekani. Mara nyingi huongezwa pia vitamini C kidogo, hasa ili rojo lisibadilike kuwa la kahawia. Unajua jinsi tufaha lililokatwa linavyogeuka rangi likikaa nje? Vitamini C huzuia jambo hilo.

Rojo hujazwa kwenye kopo likiwa la moto, kopo hufungwa kabisa, na hupashwa moto wa kutosha kuua vijidudu. Teknolojia hii ina umri mkubwa. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizofungwa na kuchemshwa mwaka 1810, na mwaka huohuo Mwingereza Peter Durand akapata hati ya kutumia makopo ya bati. Wakati huo hakuna aliyejua bakteria ni nini. Sababu ya chakula kutoharibika ilieleweka miaka mingi baadaye.

Tufaha lina bahati moja: ni chachu kiasi. Asidi yake huzuia kukua kwa bakteria hatari wa botulizimu, ambao hupenda vyakula visivyo na uchachu, kama maharage na nyama, vikifungiwa mahali pasipo na hewa. Ndiyo maana rojo la matufaha huhifadhiwa kwa kuchemshwa tu, wakati maharage ya kopo yanahitaji mtambo wa mvuke wenye shinikizo kubwa.

NDANI KUNA NINI HASA?

Tuchukue gramu 100 za kila kimoja, tulinganishe. Namba hizi ni za wastani. Kopo lako linaweza kutofautiana kidogo.

Tufaha bichi na ganda lake: kilokalori 52, sukari gramu 10 hivi, nyuzinyuzi gramu 2.4, vitamini C miligramu 4 hadi 5.

Rojo lisiloongezwa sukari: kilokalori 42, sukari gramu 9 hivi, nyuzinyuzi gramu 1.1.

Rojo lililoongezwa sukari: kilokalori 68, sukari gramu 14 hadi 15, nyuzinyuzi gramu 1.2.

Umeona? Mambo mawili yametokea safarini kutoka mtini hadi kwenye kopo. Kwanza, nyuzinyuzi zimepungua karibu nusu, kwa sababu ganda limetupwa. Pili, sukari imeongezeka. Protini na mafuta ni kama hakuna. Vitamini C, kama haikuongezwa kiwandani, ni ndogo sana. Kama unatafuta vitamini C, achana na safari ya Marekani. Papai lina miligramu 60 hivi kwa kila gramu 100, na pera lina zaidi ya 200. Pera la jirani linalichapa kopo la dukani bila hata kutoka jasho.

HESABU YA VIJIKO

Sasa tupige hesabu, maana sukari ukiitaja kwa gramu inaonekana ndogo. Kijiko cha chai kimoja, kisiwe cha mlima, ni gramu 4 hivi.

Kikombe kimoja cha rojo lililotiwa sukari, karibu gramu 245, kina sukari gramu 36. Hiyo ni sawa na vijiko 9. Lakini usikimbilie kupiga kelele. Kati ya hivyo, vijiko 6 hivi ni sukari ya tufaha lenyewe. Vijiko 3 ndivyo vilivyoongezwa.

Je, 3 ni vingi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015. Lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, shira na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayopata kwa siku. Na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12. Asilimia 5 ni gramu 25, yaani vijiko 6.

Haya, jumlisha siku yako. Chai ya asubuhi bwenini vijiko 3. Soda moja ya kola ya mililita 300 wakati wa mapumziko, vijiko 8. Tayari uko 11, na jua halijatua. Ukiongeza kikombe cha rojo lile, 14. Umevuka mstari.

Kwa hiyo tuseme ukweli: soda ni mzigo mkubwa zaidi kuliko rojo la matufaha. Tatizo la rojo ni kwamba linaingia kwa jina la tunda, kwa hiyo hakuna anayelihesabu. Na ukimaliza peke yako kopo zima la gramu 425, umekula zaidi ya vijiko 5 vya sukari iliyoongezwa kwa mkao mmoja. Karibu sawa na kile kiwango bora cha siku nzima.

KWA NINI TUNDA LA KUTAFUNA NI TOFAUTI?

Mtu anaweza kuuliza: "Si yote yanaenda tumboni? Kuna tofauti gani?"

Tofauti ipo, na imepimwa. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti ambapo watu walipewa matufaha kwa namna tatu: mazima, ya rojo, na juisi. Juisi ilimalizwa haraka mara 11 kuliko matufaha mazima, na mara 4 kuliko rojo. Waliotafuna walishiba zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani walifanya jaribio linalofanana na hilo. Watu waliokula tufaha zima kabla ya chakula cha mchana walipunguza chakula chao kwa asilimia 15 hivi. Rojo na juisi havikufikia hapo.

Sababu si ngumu. Kutafuna kunachukua muda, na tumbo linahitaji muda kuuambia ubongo "imetosha". Tena ndani ya tunda zima sukari imefungiwa kwenye vijumba vidogo vya nyuzinyuzi. Ukilisaga, umevunja kuta za vijumba hivyo. Kazi ambayo meno na tumbo vingefanya polepole imeshafanywa na mashine.

Na meno nayo yana kesi yao. Bakteria wanaokaa kwenye meno hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hutoboa jino taratibu. Kinachoumiza zaidi ni kulamba kidogo kidogo siku nzima, kijiko sasa hivi, kijiko baada ya kipindi, kijiko kabla ya kulala, maana mdomo haupati nafasi ya kupumzika. Ukila kitu kitamu, kula pamoja na mlo, kunywa maji, na piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi.

WENZETU WANALITUMIAJE?

Tusiwe wa kulaumu tu. Chakula hiki kina kazi zake, na watu wa Marekani, Ujerumani na Uholanzi wamelizoea tangu utotoni.

Marekani hulila pembeni ya nyama ya nguruwe, kama sisi tunavyoweka kachumbari pembeni ya pilau: uchachu na utamu hupunguza uzito wa mafuta. Wajerumani hulila na chapati ndogo za viazi zilizokaangwa. Wayahudi wengi nao hulila na chapati za namna hiyo katika sikukuu yao ya Hanuka. Watoto wa shule hubebeshwa vikopo vidogo kwenye mfuko wa chakula.

Jikoni hutumika kuoka keki. Nusu ya mafuta inaweza kutolewa na nafasi yake ikachukuliwa na rojo, au robo kikombe cha rojo ikakaa badala ya yai 1. Keki inabaki na unyevu, mafuta yanapungua. Kwa kazi hiyo ni afadhali lisilo na sukari. Na kama huna, ndizi mbivu iliyopondwa inafanya kazi ileile, ila keki itanukia ndizi, jambo ambalo si adhabu.

Hospitalini kwao, wagonjwa wenye shida ya kumeza hupewa chakula laini kama hiki. Baadhi ya dawa za vidonge vya ganda huruhusiwa kufunguliwa na chembe zake kuchanganywa na kijiko cha rojo, kisha kumezwa papo hapo bila kutafuna. Lakini angalia: si kila dawa inafunguliwa au kupondwa. Nyingine zimetengenezwa ziyeyuke polepole, ukiziponda unapata dozi yote kwa mpigo. Muulize mfamasia au muuguzi kwanza. Usijaribu kwa kubahatisha.

MDOGO WAKO ANAHARISHA: UMPE?

Hapa ndipo tunaomba usikilize vizuri, kwa sababu nyumbani mara nyingi wewe ndiye unayeachiwa wadogo zako.

Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani waliambiwa kwamba mtoto anayeharisha apewe vitu vinne tu: ndizi, wali, rojo la matufaha na mkate wa kuchoma. Siku hizi madaktari wa watoto wa huko hawashauri tena mtoto abanwe kwenye vyakula hivyo peke yake. Havina protini na mafuta ya kutosha kumrudishia nguvu.

Na rojo lenye sukari nyingi lina tatizo la ziada. Sukari ikizidi ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo. Unadhani unamsaidia, kumbe unaongeza kuharisha. Juisi tamu na soda hufanya hivyohivyo.

Utasema: "Mbona ORS nayo ina sukari?" Swali zuri! Ina sukari kidogo, pamoja na chumvi, kwa kipimo maalumu. Kwa kipimo hicho sukari na chumvi hushikana mikono kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata nyuma yake kuingia mwilini. Siri iko kwenye kipimo.

Kwa hiyo mtoto akiharisha:

1. Mpe ORS, iliyochanganywa na maji safi na salama kama pakiti inavyoelekeza. Kama hakuna pakiti, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe.

2. Kama ananyonya, aendelee kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi rojo la tunda lolote. Chakula chake ni maziwa ya mama.

3. Aendelee kula chakula chake cha kawaida, kidogo kidogo, mara nyingi.

4. Mpelekeni kituo cha afya apate vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

5. Kimbieni naye hospitali mara moja akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au amelegea. Hapo si wakati wa kusubiri baba arudi kazini.

SUKARI INAPOKUWA DAWA

Kuna wakati sukari inaokoa maisha. Huenda darasani kwenu kuna mwenzenu mwenye kisukari anayejichoma insulini. Akikosa kula, au akicheza mpira sana, sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla. Utamwona anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo au amekasirika bila sababu. Asichekwe, na asiambiwe amelewa.

Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe haraka sukari gramu 15 hivi: vijiko 3 hadi 4 vya chai kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida au juisi. Nusu kikombe cha rojo la matufaha linaweza kusaidia pia kama ndilo lililopo. Subiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia, kisha ale chakula. Kama amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni, maana atapaliwa. Mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali.

SOMA KOPO KABLA YA KULIFUNGUA

Makopo mengi haya yameandikwa Kiingereza. Neno "unsweetened" maana yake halikuongezwa sukari. Neno "sweetened" maana yake limeongezwa. Herufi mbili tu za mwanzo, tofauti ni vijiko 3 kwa kikombe.

Angalia orodha ya viungo. Kilichotumika kwa wingi zaidi huandikwa kwanza. Ukiona sukari au shira iko nafasi ya 2, umeelewa. Makopo ya Marekani yana pia mstari wa sukari iliyoongezwa peke yake. Mstari huo uliamriwa na mamlaka ya chakula na dawa ya huko mwaka 2016. Angalia vilevile kipimo cha mlo mmoja, maana namba zinaweza kuwa za nusu kikombe wakati wewe umeshika kijiko na kopo zima.

Kisha kagua bati lenyewe. Kopo lililovimba, linalovuja, lililoliwa na kutu au lililobonyea vibaya kwenye maungio, tupa. Usionje "kidogo tu uone". Ukishalifungua, hamishia rojo kwenye chombo kisafi chenye kifuniko, uliweke kwenye friji, na limalizwe ndani ya wiki 1. Kama hakuna friji, mle siku hiyohiyo. Mwite na jirani.

Na tusidhani kila kilichofungwa vizuri ni salama. Mwishoni mwa mwaka 2023 huko Marekani, vifuko vya rojo la matufaha lenye mdalasini viliondolewa madukani baada ya watoto kukutwa na madini ya risasi kwenye damu. Uchunguzi ulianzia kwa watoto wa jimbo la North Carolina. Ilibainika kwamba tufaha halikuwa na kosa. Sumu ilitoka kwenye mdalasini wa unga uliosagwa Ecuador. Mamia ya watoto waliathirika. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Watoto hao waligunduliwa kwa sababu walipimwa damu; risasi haina ladha ya kukushtua. Ndiyo maana nchi zinahitaji wakaguzi wa chakula. Kama unapenda kemia na baiolojia, hiyo ni kazi unayoweza kuifanya siku moja.

TENGENEZA LAKO

Matufaha hulimwa hata kwetu Tanzania, kwenye nyanda za baridi kama Njombe na Lushoto. Ukiyapata kwa bei nafuu, jaribu hivi.

Chukua matufaha 4. Osha, toa mbegu, katakata vipande vidogo. Ganda ukiliacha ni bora zaidi. Weka kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji na matone ya limau. Funika, pika kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 mpaka yalainike. Ponda kwa mwiko. Usiweke sukari. Kama unaona ni chachu, ponda na ndizi mbivu moja. Weka juu ya uji au pakaa kwenye mkate badala ya jemu.

Matufaha ni ghali? Poa tu, acha. Papai, embe au ndizi mbivu havihitaji hata kupikwa. Ponda, kula. Au bora zaidi, tafuna.

BASI, TULE AU TUSILE?

Kula ukipenda. Vijiko vichache vya rojo tamu pamoja na mlo havitakuua, na shangazi aliyelibeba kutoka mbali anastahili shukrani. Ila lihesabu pale linapostahili: upande wa vitu vitamu, pamoja na jemu na soda. Usilihesabu kama tunda lako la siku. Shilingi unayotaka kununulia kopo, itazame mara mbili. Kwa bei ya kopo moja la kutoka nje, sokoni unaweza kujaza mfuko wa matunda ya msimu, ukala na wenzako wa bwenini wiki nzima.

Kazi yako ya wiki hii: chagua kitu kimoja chenye picha ya tunda nje, soma maandishi yake, gawanya gramu za sukari kwa 4, na uandike jibu kwa vijiko kwenye ubao wa darasa. Kisha mjadiliane. Mtashangaa.